Sponji Niliyoinua Mkutanoni

Mimi ndiye niliyemwita mjomba wa mume wangu muuaji wa watoto mbele ya kijiji kizima huku nimekalia ushahidi wenyewe, na bado naishi hapa hapa Ruhembe, bado naenda sokoni, na watu wakiniona wanainua mikono juu kama wameshika kitu kisha wanaangua kicheko. Basi bora niwasimulie mwenyewe kuliko mpate yaliyotiwa chumvi na mama mkwe.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, bandarini vinashuka vitu vya Ulaya usiku na mchana, makochi yaliyochoka, televisheni zilizokufa, na mume wangu (hawezi kupita mtumba bila kuugusa) akarudi kutoka Morogoro na kochi lisilo na miguu. Mbao tukapikia, lakini sponji yake, aa, ilikuwa nene, ya njano, ukiibonyeza inarudi, siyo hizi zetu zinazolala chini mwezi wa kwanza tu. Nikamtandikia mwanangu Neema, ndio kwanza anaanza kutambaa, nikajiona nimemlaza hotelini.

Ndipo akaja Bi Rukia, mtafiti kutoka pwani, mpole, mwenye sauti ndogo. Akatueleza kwamba huko baharini wamekuta ndani ya samaki kemikali zinazowekwa kwenye vifaa ili visishike moto upesi, na kwa kuwa mto wetu unaingia Ruaha, na Ruaha unaingia Rufiji, na Rufiji unamwaga baharini, anataka kujua kama zinaanzia huku juu. Akataja televisheni, akataja na vitu vingine, lakini mimi nikashika televisheni tu, kwa sababu Mjomba Kibwana, fundi redio wetu, alikuwa anachoma nyaya za televisheni mbovu kando ya mto apate shaba, na moshi ule ulinikera tangu nina mimba. Nikasema moyoni, huyo nimempata.

Kwa kuwa nimefika kidato cha nne, mwenyekiti akanipa mimi kazi ya kutunza samaki waliovuliwa mtoni wakapimwe, mpaka gari la Bi Rukia litakapopita kesho yake kutoka Mikumi. Maelekezo yalikuwa mepesi: kila samaki afungwe kwenye foili, awekwe kwenye kasha la barafu, kisimguse kitu kingine. Basi kasha lenyewe lina ufa, jua la kwetu mnalijua, barafu ikaanza kutoka jasho. Mama mkwe akaniambia, "Mama Neema, tia pumba za mpunga pembeni, si ndivyo wauza barafu wanavyofanya?"

Nikamjibu, "Mama, hawa ni samaki wa maabara, siyo wa kuuza stendi." (Pumba niliziona ushamba. Nimesoma fizikia mimi.) Nikaenda nikachomoa sponji ya Neema, nikaikunja, nikaipanga ndani ya kasha, juu na chini.

Sasa, wale samaki walikuwa ngogo, na ngogo ana miiba. Miiba ikatoboa foili, barafu ikayeyuka kidogo kidogo, samaki wakalala wanaogelea kwenye maji ya sponji, na asubuhi mimi nikaitoa sponji, nikaongeza barafu mpya, nikafunga foili nyingine, nikalikabidhi kasha safi kama hakuna kilichotokea. Sponji nikaianika, nikaitandika tena (paka wa mtaa mzima walihamia kwangu wiki ile).

Miezi ikapita. Bi Rukia akarudi, ukaitishwa mkutano, na mimi nikaenda na Neema na sponji yetu ile ile, ya kukalia. Akasema, taratibu kabisa, kwamba samaki wa kijiji chetu wamepita wote kwa wingi wa kemikali, hata wa baharini, na kwamba yeye mwenyewe hajaelewa, ana maswali kwanza.

Maswali gani! Neema alikuwa anakunywa mchuzi wa ngogo kila siku. Damu ikanipanda. Nikasimama, mtoto kiunoni, nikamnyooshea kidole mzee wa watu niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile ile. "Muuaji wa watoto ni huyu hapa! Anachoma sumu mtoni tunamwangalia! Kibanda chake kifungwe leo!"

Watu wakapokea, "Kifungwe!" Mjomba Kibwana akavua kofia, akaishika magotini.

Bi Rukia akaniuliza, "Mama Neema, samehe, ulipowatunza wale samaki, uliwawekea nini?"

Nikajua nasifiwa. "Sikuwawekea takataka mimi! Niliwawekea hii!" Nikainama, nikaiokota, nikaiinua juu kwa mikono miwili, kila mtu aione.

Akaja, akaibonyeza, ikamwaga vumbi la njano. Akauliza imetoka wapi, nikasema kwenye kochi la Ulaya. Akashusha pumzi. "Dada yangu, hicho ninachokitafuta toka baharini ndicho ulichoshika."

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau. Mama mkwe alikaa chini kabisa. Mzee mmoja akapiga kelele, "Kumbe ngogo walilazwa kwenye kochi!" Lakini mimi sikusikia vizuri, maana nilikuwa naangalia vumbi lile kwenye vidole vya Neema, na Neema anavinyonya.

"Huwa analalia hii," nikasema.

Bi Rukia akanishika bega. Akasema sumu hiyo haimwangushi mtu leo wala kesho, niiondoe, nimwoshe mtoto mikono, nifagie kwa maji. Nilitaka kumkasirikia mtu, nikamkosa aliye karibu. Aliyeitupa kwake Ulaya ikaja kulaliwa na mwanangu yuko mbali, hanisikii.

Aliyesimama ni Mjomba Kibwana. "Mkwe, kibanda changu unakifunga kabla ya chakula au baada?" Nikapiga magoti palepale. Jioni akaleta godoro dogo la usufi, ameshona mwenyewe kwa uzi wa spika.

Samaki walivuliwa upya, nikawatunza mimi tena (Bi Rukia alikataa nibadilishwe), na safari hii foili mara mbili, na pumba za mpunga nje ya kasha, mama mkwe akinisimamia kama mlinzi. Majibu yalipokuja, kemikali zilikuwamo kidogo sana, karibu hakuna. Mto wetu mzima bado! Mjomba naye ameacha kuchoma nyaya, anazimenya kwa kisu, anasema hataki mkwe wake apate hamu ya mkutano mwingine.

Neema anakunywa mchuzi wake. Nami hasira ninazo bado, sijaziacha, ila nimeapa: kabla sijanyoosha kidole tena, nitasimama kwanza nione nimekalia nini.