Miezi Mitatu Bila Bima

Mwinyihaji wa Jego alimpikia Mzungu mmoja kule Diani kwa miaka kumi na mitatu. Uhuru ulipokuja, Mzungu alifunga virago, na gari lake la Pijo, la rangi ya maziwa, akamwachia mpishi wake kwa bei ya kutupa. Hivyo ndivyo Mwinyihaji alivyokuwa mtu wa pekee kijijini mwenye gari. Alipeleka wagonjwa Msambweni, alichukua maharusi, alibeba nazi hadi Lunga Lunga, na alikopita watu walimwinulia mkono.

Lakini gari nalo hula. Basi lilipoanza kufika Vanga kila siku, abiria walipungua, na bima ikabaki vile vile, kana kwamba gari linatembea usiku na mchana. Mwaka wa 1966 alikwenda Mombasa, kwenye ofisi ya bima, akamweleza shida yake karani mmoja aitwaye Randu.

"Mzee wangu, wakati wa masika gari lako hutembea?" Randu alimwuliza.

"Litembee wapi? Mvua ikinyesha, barabara ya Jego ni tope tupu."

"Basi mbona unalipia miezi ambayo gari limelala? Mwanzo wa Aprili niletee cheti chako cha bima tukiweke hapa. Mwisho wa Juni njoo ukichukue, na sehemu ya fedha zako tutakurudishia. Ila miezi hiyo gari lisiguse barabara. Likigusa, ukamgonga mtu, hapo ni wewe na serikali."

Mwinyihaji alifanya hivyo, na mwaka ule alirudishiwa shilingi themanini na tano. Aliwanunulia mkewe Mwanafatuma na binti yao Tumu doti za kanga, na barazani alisimulia mpaka watu wakachoka.

Mwaka uliofuata alirudia. Alibandua cheti kiooni akakipeleka Mombasa. Gari alilipandisha juu ya magogo bandani, magurudumu akayaingiza ndani, betri akaifunga kwenye gunia. Kisha masika yakaja na mvua haba. Wiki zikapita barabara ikiwa kavu, na Mwinyihaji akawa anaitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

Mwezi wa Mei, Tumu alikuja kwa wazazi wake kutoka Vanga alikoolewa, ajifungue uzazi wake wa kwanza kwa mama yake. Uchungu ulimshika siku ya Alhamisi alfajiri. Saa mbili asubuhi mkunga, Bibi Mwanarusi, alitoka chumbani akifuta mikono.

"Mwinyihaji, mtoto amekaa vibaya. Hili si langu tena. Mpeleke hospitali."

"Na basi la asubuhi je?"

"Basi limepita kitambo," alisema Mwanafatuma. "Funga magurudumu, Baba Tumu."

Hakusogea. Akilini alimwona askari wa kizuizi cha Lunga Lunga akiinama mbele ya kioo kitupu. Alijiona mahakamani. Alimwona mtoto wa mtu akikatiza njia, na nyumba, na minazi, vyote vikiuzwa kulipa fidia.

"Cheti hakipo," alisema. "Nikikamatwa? Ngoja nimtafute mwenye lori kule dukani."

Alikwenda dukani mbio. Mwenye lori alikuwa amekwenda Mombasa tangu jana. Alingoja pale, akimwuliza kila apitaye, akijiambia kwamba pengine mambo yameshatengemaa nyumbani. Saa nne ndipo aliporudi, na kabla hajafika uani alisikia sauti ya Tumu. Haikuwa kilio tena. Ilikuwa kama mlio wa mnyama aliyechoka.

Hapo alikimbilia bandani. Majirani walikuja kumsaidia. Walifunga magurudumu, mawili yakiwa hayana upepo, wakayajaza kwa pampu ya baiskeli huku jasho likiwatiririka. Betri ilikuwa imekufa. Walilisukuma gari hadi mteremkoni, likakohoa, likazima, wakalisukuma tena. Lilipowaka, jua lilikuwa utosini.

Aliendesha bila kutazama nyuma. Alisikia tu mkunga akinong'ona dua na Mwanafatuma akimwambia Tumu, "Vumilia mwanangu, tunafika." Walipofika kizuizini Lunga Lunga, alisimamisha gari. Askari alikuja, akachungulia kiti cha nyuma, akaruka kando.

"Pita, mzee! Pita upesi!" alipiga kelele, akainua mti wa kizuizi. Kioo hakukitazama hata kidogo.

Kule Msambweni walimwokoa Tumu. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakufa. Daktari alisema wangefika mapema kwa muda wa saa mbili au tatu, mtoto angekuwa hai. Alisema pia kwamba Tumu hatazaa tena. Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio uliomwangusha Mwinyihaji akakaa sakafuni.

Baada ya maziko Mwanafatuma alimwuliza neno moja tu, huku amempa mgongo.

"Mara hii watakurudishia ngapi?"

"Kama zile zile. Themanini na tano."

Siku zilizofuata Mwanafatuma hakulirudia swali lile. Alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, alimwitikia salamu. Mwinyihaji aliomba moyoni amtukane, walau mara moja. Hakumtukana.

Mwisho wa Juni alikwenda Mombasa kuchukua cheti. Randu alimhesabia fedha akitabasamu, akamwuliza hali ya nyumbani. "Alhamdulillahi," alijibu Mwinyihaji, kwa kuwa hakujua pa kuanzia.

Tumu alipopata nguvu za kurudi kwa mumewe, babake aliliosha gari akalileta mlangoni.

"Twende, mwanangu. Nitakufikisha hadi uani kwako."

Tumu alikuwa ameshika furushi lake la nguo. Alimbusu babake mkono kama alivyofundishwa tangu utotoni.

"Usijisumbue, baba. Nitangojea basi."

Alikwenda na mama yake hadi barabarani. Mwinyihaji alibaki ameshika mlango wa gari uliokuwa wazi, asijue kama aufunge au auache. Jioni ile jirani mmoja alikuja kuomba apelekwe Lunga Lunga kesho yake, akimwahidi kumlipa vizuri. Mwinyihaji alimwambia gari ni bovu.