Mgeni Asiyeulizwa Jina

Katika hadithi za mama, sultani angeweza kukosekana, hata sungura, lakini mgeni lazima apite. Anabisha hodi, anakaribishwa, anaomba maji. Akishakunywa anakwenda zake, na nyuma yake kijiji kizima kinageuka juu chini: kisima kinakauka, au binti aliyekuwa hoi anainuka kitandani. Tulipouliza yule mtu ni nani, mama alitujibu, "Alikuwa anakunywa maji. Angeulizwaje?"

Jibu hilo lilitutosha, maana ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Mwabungo mgeni haulizwi jina wala haja yake kabla hajanywa maji akapumua. Mgeni wa mama aliijua adabu hiyo akaitumia vizuri. Alirudisha kata ya maji huku mguu mmoja uko nje.

Nilipokuwa mwandishi nikamchukua mtu huyo, nikamtia katika vitabu vyangu bila hata kumwomba mama ruhusa. Wasomaji walimpenda. Waliniandikia kuniuliza ni nani, nami nilifurahi kutowajibu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Fundi wa haki alikuwa mdogo wangu. Alitengeneza friji za hoteli za Diani, na mkoba wake wa spana ulikuwa hauondoki begani. Alasiri moja alikuwa amejilaza ndani, mama yuko barazani anakuna nazi, wakaja wanaume wawili. Walivua viatu wenyewe bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Akawatekea maji mtungini. Walisema friji ya hoteli imekufa na samaki wataoza, wanamtaka fundi. Mama akaingia kumwamsha. Alipotoka naye, mmoja alikuwa bado na kata mdomoni. Mdogo wangu akapanda gari lao na mkoba wake, akamwambia mama amwekee chakula.

Hakurudi. Hapakuwa na hoteli iliyoharibikiwa na friji siku ile. Nilipita zote kuuliza. Nilikwenda mpaka hospitali ya Msambweni nikafunuliwa maiti za watoto wa watu. Kituoni, askari mmoja kijana kutoka bara alimtazama mama kwa mshangao.

"Sasa mama, unapeaje watu maji na huwajui?"

"Walikuwa wanakunywa, mwanangu," mama alisema. "Ningewaulizaje?"

Ilikuwa sauti ile ile ya hadithi zake, na nilitamani kuziba masikio. Askari akasema basi ni watu wasiojulikana, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Kijijini hadithi ikashika moto. Mmoja aliwaona warefu, mwingine akasema mmoja wao alikuwa na kovu shavuni, na wa tatu aliapa kwamba hawakuwa na vivuli. Waliisimulia vizuri, tena vizuri kuliko mimi, na niliwachukia kwa hilo. Hakuna aliyetaka wageni wale wajulikane. Wangejulikana, utamu ungekwisha. Nilijua, kwa sababu na mimi niliishi kwa biashara hiyo hiyo. Tangu hapo sijaandika kitu cha maana, na sitegemei kuandika tena.

Mama naye aliacha hadithi. Lakini binti wa mdogo wangu, aliyebaki mikononi mwetu, anazipenda, na jioni moja baada ya magharibi alimng'ang'ania bibi yake mpaka akakubali. Nilikuwa karibu, nikasikiliza. Kijiji kilikuwepo, kisima kilikuwepo, na mgeni akabisha hodi.

"Akaomba maji," mtoto akadakia.

"Akaomba," mama akasema. "Bibi mwenye nyumba akamwambia, taja jina lako kwanza."

Mtoto aligeuka kunitazama, kana kwamba bibi yake ametukana.

"Bibi, mpe maji kwanza. Ana kiu."

"Hapati. Na ataje jina."

Hadithi ilikwama hapo, na kila inapoanzwa hukwama hapo hapo. Mtoto hulia kwa ajili ya kiu ya mgeni, kisha hulala. Mama hubaki ameukazia macho mlango, anangoja kujibiwa. Mgeni yule hawezi kutaja jina, kwa sababu miaka yote hiyo mama hakumpa.