Kilimanjaro hadi Dar kwa Uzi wa Cherehani

Kwa miaka mingi nimekana, hata mbele ya mume wangu, kwamba siku nilipomfundisha bibi yangu kusafiri kwa ndege, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda. Kweli sikuwa nimepanda. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na niliona hilo linatosha.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali kubwa ya Upanga, Dar, ilikuwa imempangia siku ya upasuaji, na aliyeikosa siku yake alirudi mwisho wa foleni. Baba, aliyekuwa na duka Mtaa wa Msimbazi, hakutaka mama yake ateseke kutwa nzima ndani ya basi. Akakata tiketi ya ndege.

Mimi nilikuwa kwa Bibi, Kilimanjaro, kwa likizo. Nikachukua atlasi ya shule, nikalaza uzi wa cherehani kutoka uwanja wa huku hadi wa Dar, nikaupima kwenye skeli, nikagawanya kwa mwendo wa ndege nilioukuta gazetini. Jibu: saa moja kasoro. Uzi ulipita nchi kavu mwanzo hadi mwisho. Niliupenda sana.

"Nitajuaje nimefika?" Bibi aliuliza.

"Ikitua, umefika. Shuka."

"Na ikisimama njiani?"

"Bibi, ndege si basi. Haisimami Korogwe watu wanunue machungwa."

Akacheka. Aliniamini, kosa ambalo wazazi wangu hawakuwahi kulifanya.

Siku ya safari nilikuwa nimesharudi nyumbani Mchafukoge. Baba alikwenda kumpokea, akarudi peke yake.

"Abiria wote wameshuka, mama hayumo," alisema. "Imechelewa pia. Imepitia Unguja kwanza."

Mama akanigeukia. "Wewe ulimwambiaje?"

"Nilimpimia umbali tu."

"Umbali tu! Mama wa watu haoni vizuri, kesho asubuhi anatakiwa hospitali, na wewe ulimpimia umbali tu."

Simu ya karibu ilikuwa chini, kwenye duka la vitambaa la jirani yetu, mzee wa Kihindu aliyetujua tangu utoto. Baba alikuwa anajiandaa kushuka kuomba kuitumia, ndipo mzee mwenyewe akapaza sauti kutoka kwenye ngazi.

"Binti! Shuka upesi! Unguja wanamtaka msomi!"

Tulishuka wote watatu. Upande wa pili alikuwa ofisa wa uwanja wa ndege.

"Wewe ndiye mjukuu wa chuo kikuu? Namba hii tumeikuta kwenye mkoba wa bibi yako. Tumemwambia hapa si Dar es Salaam, hataki kusikia. Anasema ndege imetua, na wewe ulipima. Ipo ndege ya jioni, lakini hapandi mpaka umwambie wewe."

Akampa Bibi simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mimi nimefika zamani. Ninyi mko wapi?"

"Bibi, hapo ni Unguja. Nilikosea. Panda hiyo ya jioni, baba atakuja kukupokea."

"Hiyo nayo itatua mara ngapi?"

Baba, mama na mwenye duka walikuwa wananitazama.

"Sijui, Bibi. Muulize huyo ofisa."

Nikamsikia akimuuliza, tena kwa upole kuliko alivyoongea nami. Akajibiwa. Akaniambia kwamba atapanda, akakata simu kabla sijamuuliza kama amekula.