Kijia Kilichoishia Kwenye Michongoma

Kwenye ofisi ya bustani za jiji kulikuwa na mama mmoja aliyesoma nyasi kama wengine wasomavyo gazeti. Mwonyeshe majani yaliyolala, atakuambia aliyepita alikuwa anachelewa kazini, anamkimbia mkewe, au amebanwa na mkojo. Ukibisha, shauri yako.

Wenzake walimwita Mama Njia. Mtoto hakujaliwa, ila njia za bustani zote za mji ule alizizaa yeye, na hakuna hata moja iliyowahi kuja kumjulia hali.

Kanuni yake ilikuwa moja. Bustani mpya ikishapandwa nyasi, hakuna kuweka njia. Waacheni watu wakanyage msimu mzima wa mvua. Pale watakapopachubua wenyewe, hapo ndipo pawekwe mawe.

"Mkiwauliza watu mkutanoni watawadanganya," aliwaambia wakubwa zake. "Iulizeni miguu yao."

Sasa bustani ya mwisho aliyopewa kupanga ilianzia chini ya dirisha la chumba chake, ikaenda kuishia kwenye ua wa michongoma. Nyuma ya ua huo lilikuwa jiko la dada yake, wa tumbo moja kabisa, ambaye hawakusemeshana naye tangu wamzike mama yao. Waligombea kitanda cha marehemu. Kitanda chenyewe kimeliwa na mchwa hadi ukipiga chafya unajikuta sakafuni.

Basi kila jioni Mama Njia alivuka nyasi, akasimama kwenye michongoma, akatega sikio. Jikoni kwa dada kulikuwa na watu, wewe! Mwanamume anacheka, watoto wanaimba, wamama wanabishana. Vicheko vya kuchemsha maji bila moto. Alisimama hapo mpaka mbu wenyewe wakamchoka, kisha akarudi chumbani kula mkate amesimama, maana kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni kujicheka. Kubisha hodi hakuthubutu. Nyumba imefurika vile, nani wa kumkumbuka yeye?

Mvua zikaisha. Msimamizi wa mafundi, waliyembatiza Kokoto, akaja na kamba na vigingi vyake. Kijia cha kwenda shuleni akakielewa, cha kituo cha basi akakielewa. Kimoja kikamshinda.

"Mama Njia, hebu njoo uone mambo! Hiki kimechubuka kuliko vyote, halafu kinaishia kwenye miiba. Hawa watu wakifika hapa wanageuka ndege?"

Mama Njia akisema kweli, kesho ofisi nzima itajua jioni zake anazipeleka wapi.

"Wanapita wengi," akajibu, macho kwenye viatu vyake.

"Basi kanuni ni yako mwenyewe. Tunakata ua, tunaweka geti." Kokoto akashika panga, akaanza kufyeka.

Upande wa pili mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo.

"Nani huyo anakata michongoma?"

"Ni jiji, mama. Kuna watu wengi wanapita hapa."

"Watu wengi wa wapi? Anapita mmoja tu." Dada mtu akachungulia kwenye tundu. "Si huyo hapo nyuma yako? Kila jioni anakohoa kama mbuzi aliyemeza kamba."

Kokoto akageuka, akamtazama Mama Njia, kisha ghafla akaanza kutafuta kigingi ambacho hakikupotea.

"Kumbe ulikuwa unanisikia?" Mama Njia akauliza.

"Tangu mvua za kwanza."

"Na hukuniita, dada?"

"Na wewe mbona hukubisha hodi?"

"Nibishe kwenye miiba? Halafu una wageni kila siku. Wajukuu, wakwe, na yule mwanamume anayecheka..."

Dada mtu akafuta mikono kwenye nguo yake, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu.

"Ile ni redio, mjinga wewe. Wanangu hawajatia mguu hapa miaka. Nikikusikia unakohoa naongeza sauti, usije ukajua niko peke yangu."

Ikambidi Kokoto aulize, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo: "Sasa geti tuweke, au tusiweke?"

Mama Njia akautazama ule mstari wa udongo uliochubuka. Kila unyayo ulikuwa wake.

"Msiweke. Mtu mmoja si watu. Rudishieni nyasi."

"Mlango wa mbele uko barabarani," dada akasema, akarudi ndani.

Jioni hiyo Mama Njia akazungukia barabarani, akabisha hodi, akakaribishwa. Wakakaa, kila mmoja na kiti chake. Habari za kitanda hawakuzitaka, na nyingine hawakuwa nazo.

"Umekonda," dada akasema hatimaye.

"Na wewe pia."

Mama Njia akaomba maji, na kiu hana, ili dada apate sababu ya kusimama, naye apate sababu ya kukaa mpaka glasi iishe. Akayanywa polepole sana.