Troli Isiyo na Injini

Binti yangu alipohamia chuoni aliniachia chumba, na kabla kitanda chake hakijapoa nilikwisha kuamua: humu mtakuwa na shamba la mkonge. Si picha ya ukutani. Reli yenyewe, ndogo, juu ya meza, kutoka kambini hadi korona, yaani kile kiwanda cha kuchakata mkonge kule Tanga nilikokulia. Hapa ni ughaibuni, Tottenham, ghorofa ya nne, nyumba ya council, yaani ya halmashauri, na kodi nalipa mimi. Asiyependa, shauri yake.

Wa kwanza kutopenda alikuwa kaka yangu, anayekaa Harrow kwenye nyumba yenye bustani mbele na nyuma.

"Mdogo wangu, mtu mzima na midoli? Wageni wakija kutoka nyumbani watalala wapi? Hiyo spare room yote unaijaza mbao?"

Nikamwambia watalala Harrow.

Nilinunua karatasi ya kubandika ukutani, nikaitandaza sakafuni upande mweupe juu, nikapiga magoti na penseli. Kazini nashinda nikiwainua wazee wa watu, magoti yananiuma, lakini siku hiyo sikuyahurumia. Kambi hapa. Kilima hapa. Kona ya kisima. Daraja ambalo mataruma yake, yale magogo yanayolaliwa na reli, yaliachana kiasi cha mguu wa mtoto kuzama. Nayajua kwa sababu niliyapita kila mchana na chakula cha baba kichwani. Baba alikuwa msukuma troli, vile vibehewa vya kubebea mkonge relini. Troli zetu hazikuwa na injini: kupanda zilisukumwa na watu, kuteremka zilikwenda zenyewe, na breki ilikuwa gongo la mti.

Jioni, kazi ikiisha, wavulana walizipanda zile tupu na kuteremka kilima kwa makelele. Kaka yangu ndiye aliyeshika gongo. Mimi nilisaidia kusukuma kupandisha, jasho linanitoka, na tukifika juu ananizuia kwa mkono. "Zamu yako kesho." Nikija kesho, kesho tena. Nilipomshtakia baba, alisema mtoto wa kike hapandi troli, mazungumzo yakaishia hapo. Kisha bei ya katani ikaanguka, shamba likafungwa, reli zikang'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kesho yangu ikauzwa pamoja nazo. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Kwenye duka la treni ndogo, muuzaji, mzee mmoja mpole wa Kizungu, aliniuliza nataka injini ipi. Nikasema sitaki. Akanionyesha nyekundu, akanionyesha ya kijani, akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wazee wangu kazini, kwamba treni bila injini haiendi. Nilitoka na vipande viwili vya reli na magurudumu manne, basi. Binti yangu naye akanipigia simu, mimi Kiswahili, yeye Kiingereza, akitaka kujua itaendeshwa na nini:

"But Mum, what makes it go?"

"Babu yako," nikamjibu.

Kabla ya kukata mbao ilibidi nijue kilima kiwe na mwinamo gani. Nikafungua meza ya kupigia pasi, nikainua upande mmoja kwa vitabu vya binti yangu, nikalaza reli juu yake. Troli niliitengeneza kwa kiberiti kitupu. Ndipo kaka akaingia, koti bado mwilini, akatazama mchoro wangu sakafuni, akaanza: kona ya kisima nimeikosea, heri reli izunguke, injini ataninunulia yeye.

"Wewe hata kuipanda hukuwahi," akasema. "Utajuaje?"

Nikamgeukia. "Niliisukuma! Nyinyi mlioipanda mlikuwa mmefumba macho kwa woga."

Nikaiachia troli. Kiberiti kikateremka, kikayumba pale vipande vya reli vilipoungana, nikadhani kinaanguka, lakini kikashika njia na kufika chini kizima. Nilipiga kelele kama mtoto. Kaka alivua koti, akalitupa kitandani, akachuchumaa mbele ya meza ya pasi na mvi zake zote, macho kwenye troli.

"Hebu lete," akasema, mkono ameshaunyoosha. "Nijaribu na mimi."

Nikaiokota troli, nikairudisha juu ya kilima, nikaishikilia.

"Zamu yako kesho, kaka."