Mashua Yetu na Mwezi wa Tudor

Nyumbani kwetu Kibokoni mashua haikupandishwa pwani siku yoyote tu. Miaka ile ya mwisho wa arubaini Ramadhani iliangukia katikati ya kusi, bahari imechafuka na safari za kupeleka shehena Lamu zimekwisha. Basi baba akaweka desturi yake: mashua inapanda mwezi mosi au mwezi pili, siku za mwanzo za mwandamo, maji yakiwa makubwa, tunaitengeneza mwezi mzima na saumu zetu, inarudi majini baada ya Idi. Ilitulisha watu kumi na mmoja, nasi hatukuwa na nyingine.

Mwaka huo mwezi ulizua ugomvi. Mawingu yalitanda na mtaani kwetu hakuna aliyeuona. Lakini mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekaa Tudor, alikuja baada ya magharibi akaapa kuwa ameuona juu ya mikoko, ng'ambo ya maji.

"Shemegi," baba akamwambia, "mato yako yameingia ukungu. Uliloliona ni wingu."

Kesho yake mjomba alifunga. Sisi, kwa amri ya baba, tulikula mihogo mchana kweupe, mjomba akapita barazani akatukuta midomo imejaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina mke, nami nikauficha mhogo ule nyuma ya mgongo.

Mwezi pili, kwa hesabu ya baba, tulikusanyika pwani. Baba aliyajua maji kwa tarehe ya mwezi, kama watu wote wa rika lake. Mwezi pili yanasimama saa kumi na nusu, mwezi tatu saa kumi na moja na zaidi, basi, hana haja ya kutazama. Na maji ya jana nani aliyatazama? Ilikuwa saumu yetu ya kwanza, nyumba nzima ililala mpaka karibu na adhana ya magharibi.

Tulivuta watu wanane, mjomba akiwa mmoja wetu, koo zimekauka, mashua ikipanda juu ya magogo hatua kwa hatua. Saa kumi na nusu baba akainua mkono.

"Basi! Maji yamesimama."

Tukaiegemeza kwa gadi, zile nguzo za kuizuia isilale ubavu. Baba mwenyewe akang'oa nguruzi, kizibo cha mti ambacho kwetu kiligongwa kwa nje, chini kabisa karibu na tezi, upande wa nyuma, ili maji machafu ya ndani yatoke. Wavutaji wakaenda kupumzika. Tukabaki baba, mjomba na mimi.

Maji yalitoka kidogo, kisha yakaacha kutoka. Nikatazama miguu yangu. Bahari iliyokuwa kwenye vifundo ilikuwa imefika nusu ya muundi.

"Baba, maji yangali yajaa."

"Ni mawimbi ya kusi hayo."

Mjomba alikuwa amechutama mchangani akiyatazama maji. Sote watatu tulijua. Kama maji hayajasimama, basi leo ni mwezi tatu, na ile mihogo tuliila ndani ya Ramadhani. Damu ilinichemka. Baba alikuwa radhi kubishana na bahari kuliko kumkubalia shemeji yake.

Tezi ikainuka, ikagonga chini. Ikainuka tena. Gadi moja ikalegea, na tukasikia maji yakibubujika ndani ya mashua, yakiingia palepale tulipoyafungulia njia ya kutoka. Ikijaa itaangukia mawe, na mbavu zake hazitatengenezeka tena.

Tundu lilikuwa limekwisha kuzama. Mtu alipaswa kuingia chini ya mashua, kichwa na vyote, na kwetu aliyefunga hazamishi kichwa. Maji yakishaingia sikioni au puani saumu imekwenda. Mpiga mbizi wa nyumba ile nilikuwa mimi. Nilisimama tu. Watu nimewaambia miaka yote kwamba niliichelea saumu yangu. Uongo. Nilitaka aseme kwanza. Nilitaka kuisikia kwa kinywa chake, kwamba mjomba aliuona mwezi.

Gadi ikalia kwa kupasuka. Baba, na kifua chake cha kukohoa kusi nzima, akavua kofia akampa mjomba, akatwaa nguruzi na nyundo, akazama.

Mjomba aliitupa kofia mchangani akaiwekea mashua bega. Hapo ndipo nami nilipopata akili, nikaweka langu. Chini ya mbao tulisikia nyundo mara moja, mara mbili, kisha kimya. Niliita, "Baba!" kama mtoto. Nyundo ikagonga tena. Alipoibuka alikuwa akitapika maji na matope.

Tuliishikilia mpaka karibu na saa kumi na mbili, bahari ilipoanza kupwa. Ubao mmoja ulikuwa umepasuka, lakini mashua ilikuwa imekaa.

"Pole, shemegi," mjomba akasema kwa upole, akimpangusia kofia mchanga. "Siku moja si kitu, utailipa."

Baba alikuwa akikamua kikoi chake. "Si moja, shemegi. Nna mbili, na ile ya mihogo."

Kisha akanitazama, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wewe, mwanangu, una moja tu."

Adhana ilipolia nilifungua kwa tende. Saumu yangu ya siku ile ilikuwa kamili, na nywele zangu zilikuwa kavu.