Divai ya Siku ya Nne

Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye arusi ya binti yangu Tania hapa Shituru, jirani yangu Marceline, anayeniita yaya kwa kuwa namzidi umri, alionja divai yangu ya masuku, yale matunda ya porini, akaimwaga chini mbele ya wakwe. "Iyi haiko divai, yaya, iko vinegre ya salade!" Watu wakacheka.

Kweli ilikuwa kali kama siki. Tangu siku ile sikutikisa tena miti, nikaokota masuku yaliyoanguka yenyewe. Nikajifunza kungoja. Povu likiisha kabisa, naihamishia divai kwenye bido nyingine, dumu safi, bila kugusa machicha, naiacha miezi minane. Leo paroko mwenyewe anaisifu.

Mwaka huu Marceline akaja, sauti ya chini. Mutoto wake Magloire anapewa upadri, na mama mtu anataka wageni wanywe divai ya mikono yake mwenyewe. "Unifundishe, yaya. Weye iko na mukono."

Nilimfundisha yote, hata kuchagua matunda, ila si kungoja povu liishe. Mwishoni akauliza chupa zinafungwa siku gani.

"Ya nne," nikasema. "Na ukaze sana."

Siku ya nne povu bado linapanda, hilo nalijua vizuri.

Siku ya sherehe vizibo viliruka kimoja kimoja, divai ikafika kwenye mapazia meupe. Nilikuwa nimekuja na chupa zangu sita.

"Yaya, ulisema siku ya nne!"

"Nilisema. Yangu uliimwaga weye. Yako imejimwaga yenyewe."

Kisha nikampa chupa zangu, awagawie wageni yeye mwenyewe.